Ripoti ya Maabara Mbele ya Hakimu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Sayansi Jinai

Ukurasa huu ni wa mshtakiwa, wa ndugu wa mshtakiwa, wa mlalamikaji, na wa yeyote aliyewahi kukaa mahakamani, akasikia karatasi ya maabara ikisomwa, akadhani kesi imekwisha palepale. Sheria inayoelezwa hapa ni ya Tanzania Bara na Kenya, lakini mifano mingi ya makosa imetoka Marekani na Ulaya, kwa sababu huko mafaili ya zamani yalifunguliwa, makosa yakahesabiwa na matokeo yakachapishwa hadharani. Maelezo haya hayachukui nafasi ya wakili wako.

Sayansi jinai ni nini, na hapa kwetu inafanywa na nani?

Ni matumizi ya kemia, biolojia, tiba na fani nyingine kujibu jambo linalobishaniwa katika kesi: unga huu ni heroini au ni unga wa muhogo, damu hii ni ya nani, risasi hii imetoka kwenye bunduki ipi, sahihi hii ni ya kweli au ya kughushi. Tanzania Bara kazi hiyo imegawanyika. Dawa za kulevya, sumu na vinasaba (DNA) hupimwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo sheria yake ya sasa ni ya mwaka 2016 na ambayo iko chini ya Wizara ya Afya. Alama za vidole, silaha na maandishi hushughulikiwa na kamisheni ya uchunguzi wa kisayansi iliyo ndani ya Jeshi la Polisi. Majeraha huandikwa na daktari kwenye fomu ya polisi inayojulikana kama PF3 kwa Tanzania na P3 kwa Kenya. Kenya nayo ina Mkemia wa Serikali, na mwaka 2022 Rais Uhuru Kenyatta alizindua maabara ya kitaifa ya sayansi jinai katika makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, jijini Nairobi.

Kwani kipimo cha maabara kinaweza kukosea?

Kinaweza, na fani hizi hazilingani katika kukosea. Februari 2009 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti iliyowashtua mawakili na majaji wengi. Ilisema kwamba, ukiacha upimaji wa vinasaba vya kiini cha seli, hakuna njia nyingine iliyokuwa imethibitishwa kwa utafiti wa kina kwamba inaweza, kila mara na kwa uhakika mkubwa, kuunganisha kielelezo na mtu mmoja mahususi. Kauli hiyo iligusa alama za vidole, ulinganishaji wa nywele, alama za meno za mtu aliyeumwa, nyayo na maandishi ya mkono, yaani mambo ambayo mahakama zilikuwa zimeyapokea kwa miongo mingi bila kuuliza.

Tuangalie nywele kwa karibu. Kwa miaka mingi wachunguzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walikuwa wakiweka unywele uliookotwa kwenye tukio na unywele wa mshukiwa chini ya darubini, kisha wakilieleza baraza la wazee wa mahakama kwamba nywele hizo zinafanana. Mwaka 2015 FBI yenyewe ilikiri kwamba, katika mashauri 268 yaliyopitiwa ambayo ushahidi wa nywele ulimwelemea mshtakiwa, 257 yalikuwa na kauli zilizovuka mipaka ya sayansi. Wachunguzi 26 kati ya 28 walikuwa wametoa kauli za namna hiyo. Miongoni mwa kesi hizo zilikuwamo za watu waliohukumiwa kifo, na 9 kati yao walikuwa wameshanyongwa au kuuawa kwa njia nyingine ya kisheria.

Katika kesi moja ya mauaji ya dereva wa teksi jijini Washington mwaka 1978, nywele 13 zilitolewa kwenye soksi iliyodhaniwa kuvaliwa usoni na muuaji. Mchunguzi alisema unywele mmoja unalingana na wa mshtakiwa, na kijana huyo akafungwa. Mwaka 2012, baada ya yeye kutumikia miaka 28, nywele zote zilipimwa vinasaba na hakuna hata mmoja uliokuwa wake. Mmojawapo ulikuwa wa mbwa. Aliyezichunguza chini ya darubini alikuwa mtaalamu mwenye mafunzo, aliyekula kiapo.

Je, vinasaba navyo vina mashaka?

Sayansi ya vinasaba ni imara kuliko nyingine zote katika fani hii, na imewatoa gerezani watu wengi wasio na hatia. Udhaifu wake huwa kwenye mikono inayokusanya sampuli, kwenye sampuli zenye mchanganyiko wa watu wengi, na kwenye namna matokeo yanavyoelezwa.

Ujerumani waliwahi kumtafuta kwa miaka mwanamke ambaye hakuwahi kutenda lolote kati ya hayo aliyotafutiwa. Vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio yapatayo 40, ya wizi mdogo na ya mauaji, likiwemo la askari polisi wa kike aliyeuawa mjini Heilbronn Aprili 2007. Machi 2009 ilibainika kwamba vinasaba hivyo vilikuwa vya mfanyakazi aliyeshughulika na vijiti vya pamba vilivyotumiwa na polisi kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimesafishwa dhidi ya vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi vinasaba. Mashine za maabara zilifanya kazi yake sawasawa kabisa, kwa maana zilipima kwa usahihi kitu ambacho hakikuhusiana na uhalifu wowote.

Mtaalamu akisema "uwezekano ni mmoja kati ya milioni moja", maana yake ni nini?

Hapa ndipo watu wengi, wakiwemo mawakili wazuri, wanapopotea. Chukua mfano wa sampuli iliyoharibika, inayotoa sehemu tu ya wasifu wa vinasaba, na mtaalamu akaeleza kwamba wasifu huo hupatikana kwa mtu mmoja kati ya milioni moja. Sikio la kawaida husikia kwamba kuna nafasi moja tu kati ya milioni kuwa mshtakiwa hana hatia. Hicho si alichosema. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kwa hiyo kwa kadirio hilo watu wapatao watano mkoani humo wanaweza kuwa na wasifu uleule. Kama hakuna kitu kingine kinachomuunganisha mshtakiwa na tukio, yeye ni mmoja kati ya watano hao. Kama kuna simu iliyokamatwa, shahidi aliyemtambua na mali iliyopatikana chumbani kwake, hapo kipimo kinakuwa na uzito mwingine kabisa.

Uingereza ilijifunza hatari ya takwimu kwa uchungu. Mwaka 1999 Sally Clark alihukumiwa kwa kuwaua watoto wake wawili wachanga baada ya daktari bingwa wa watoto kuieleza mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama yake ni mmoja kati ya milioni 73. Hesabu hiyo ilipatikana kwa kuzidisha 1 kati ya 8,543 kwa yenyewe, kana kwamba vifo viwili vya ndugu wa damu, waliolelewa katika nyumba moja, havina uhusiano wowote. Jumuiya ya wanatakwimu ya nchi hiyo ililalamika hadharani. Hukumu ilifutwa Januari 2003, na kilichoifuta hasa ni kugundulika kwamba daktari aliyepasua maiti hakuwa ametoa kwa upande wa utetezi majibu ya vipimo vya bakteria vya mtoto mmoja. Clark alifariki mwaka 2007.

Mchunguzi mwaminifu na mzoefu anawezaje kukosea?

Kwa sababu jicho la binadamu hutafuta kile lilichoambiwa kipo. Machi 11, 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid. Kwenye mfuko uliokuwa na viwashio vya mabomu ilipatikana alama ya kidole, na Hispania ikaituma kwa nchi nyingine. Kompyuta ya FBI ilitoa orodha ya watu 20 wenye alama zinazokaribiana nayo, na mmoja wao alikuwa Brandon Mayfield, wakili wa Oregon aliyekuwa Mwislamu kwa kusilimu. Wachunguzi watatu wa FBI walisema alama ni yake. Mtaalamu wa nne, aliyeteuliwa na mahakama kwa ajili ya utetezi, naye alikubali. Polisi wa Hispania walikuwa wameshaiandikia FBI tangu Aprili 13 kwamba alama hazilingani, lakini Mayfield alikamatwa Mei 6. Aliachiwa Mei 20, baada ya Hispania kuitambua alama hiyo kuwa ya raia wa Algeria. Serikali ya Marekani ilimwomba radhi na baadaye kumlipa dola milioni 2.

Ukaguzi wa ndani wa Wizara ya Sheria ulieleza jinsi kosa lilivyozaliwa. Alama iliyotoka kwenye mfuko haikuwa safi. Baada ya kuona alama safi ya Mayfield, wachunguzi walirudi kwenye ile yenye ukungu na kuanza kuona ndani yake mistari na vidoa ambavyo awali hawakuwa wameviona, wakikopa kutoka kwa mshukiwa ili kujazia pengo la kielelezo.

Mwaka 2006 mtafiti Itiel Dror na wenzake walifanya jaribio dogo lakini zito. Waliwapa wachunguzi watano wazoefu jozi za alama ambazo wachunguzi haohao walikuwa wamezithibitisha kulingana miaka iliyotangulia, bila wao kujua. Safari hii waliambiwa kwamba hizo ni alama za kosa lile la Mayfield. Watatu walisema hazilingani, mmoja akasema hawezi kuamua, na mmoja tu akabaki na jibu lake la kwanza. Kwa maoni yangu hakuna jambo moja linaloweza kufanyika kwa gharama ndogo na likaleta faida kubwa kuliko hili: mchunguzi asisimuliwe habari za kesi. Anayepima unga hana haja ya kujua kwamba mshtakiwa amekiri kituoni.

Na asiye mwaminifu hukamatwaje?

Mara nyingi hukamatwa kwa kuchelewa. Annie Dookhan alikuwa mkemia katika maabara ya serikali ya jimbo la Massachusetts, mjini Boston, na alipima sampuli nyingi za dawa za kulevya kuliko mwenzake yeyote. Wakubwa wake walimsifu kwa kasi hiyo. Baadhi ya wenzake walikuwa na mashaka, maana hawakuwa wakimwona kwenye darubini. Ukweli ulipotoka mwaka 2012 ilibainika kwamba sampuli nyingine alikuwa akizitazama kwa macho tu na kuandika majibu, na alidai kuwa na shahada ya uzamili ambayo hakuwa nayo. Alikiri makosa mwaka 2013 na kufungwa. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilifuta kesi zaidi ya 21,000 zilizopitia mikononi mwake.

Kuna jambo la kutafakari katika mpangilio wa matukio hayo. Mwaka 2009, Dookhan akiwa bado kazini, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka jimbo hilohilo la Massachusetts, kwamba cheti cha mkemia hakitoshi na kwamba mshtakiwa ana haki ya kumhoji aliyekiandika. Upande wa mashtaka ulikuwa umejitetea kwamba matokeo ya kemia hayana upendeleo. Majaji walio wengi walijibu kwamba wapo wachambuzi wazembe na wapo walaghai, na kwamba kuwahoji mbele ya mahakama ni mojawapo ya njia za kuwabaini. Miaka mitatu baadaye kila mtu aliona walichomaanisha.

Nani anazisimamia maabara zenyewe?

Swali hili lina majibu tofauti kwa kila nchi, na ndilo lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu. Hakimu ana siku moja na shahidi mmoja. Hawezi kuona sampuli nyingine elfu ambazo shahidi huyo alizipima mwezi huo, wala kujua kama mashine ilikaguliwa. Mtu mwingine anapaswa kuwa ameviona vitu hivyo kabla ya kesi kufika kwake.

Uingereza na Wales ziliifunga maabara ya taifa mwaka 2012 na kazi ikaenda kwa kampuni binafsi na maabara za polisi. Alikuwapo msimamizi wa sayansi jinai tangu mwaka 2007, lakini hakuwa na meno. Sheria ya 2021 ikampa mamlaka ya kuchunguza na kuzuia maabara isiyofaa, na kanuni zake zikaanza kutumika Oktoba 2, 2023. Marekani, kwa ngazi ya taifa, hali si nzuri. Taasisi huru iliyopendekezwa na ripoti ya 2009 haikuundwa, na tume ya kitaifa iliyoanzishwa mwaka 2013 iliachwa ikafa mwaka 2017.

Kazi nzuri zaidi imefanywa na jimbo ambalo wengi hawakulitarajia. Texas iliunda tume ya sayansi jinai mwaka 2005, yenye wajumbe tisa: wanasayansi saba, mwendesha mashtaka mmoja na wakili wa utetezi mmoja. Tume hiyo hupokea malalamiko dhidi ya maabara, huyachunguza na huchapisha taarifa. Mwaka 2016 ilipendekeza ushahidi wa alama za meno usitumike mahakamani hadi utafiti utakapouthibitisha. Jiji la Houston, ambalo polisi wake walilazimika kufunga kitengo chao cha vinasaba mwaka 2002, liliitoa maabara mikononi mwa polisi mwaka 2014. Kituo kipya huingiza sampuli za majaribio miongoni mwa sampuli za kawaida, kwa bahasha na fomu zilezile, ili mpimaji asijue ipi ni mtihani na ipi ni kesi. Mtihani unaojulikana siku yake hupima maandalizi tu. Huu unapima kazi ya kila siku.

Kwa Tanzania, kuna jambo jema na kuna pengo. Jambo jema ni kwamba maabara ya Mkemia Mkuu haiko chini ya polisi wala waendesha mashtaka. Pengo ni kwamba Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inasimamiwa na Mamlaka hiyohiyo inayopima vinasaba. Hakuna anayehitaji kumshuku mtumishi yeyote ili kuona tatizo hapo. Kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani, hata kama nyani ni mwadilifu. Nchi hii inahitaji chombo kinachosimama nje ya maabara na nje ya polisi, chenye mamlaka ya kupokea lalamiko kutoka kwa mfungwa, kufungua daftari la vipimo na kuchapisha kilichokutwa.

"Mnyororo wa utunzaji wa kielelezo" ni kitu gani, na kwa nini mawakili huushikilia sana?

Fikiria bahasha ya kaki yenye vifurushi vya unga. Aliyeikamata anaandika hati ya ukamataji mbele ya shahidi huru, na wote wanasaini. Inafika kituoni, inapewa namba na kuandikwa kwenye rejista ya vielelezo. Mtunza vielelezo anaiweka stoo. Baada ya siku kadhaa askari mwingine anaitoa na kuipeleka kwa Mkemia, ambako inapokewa, inapewa namba ya maabara, inafunguliwa, inapimwa, inafungwa upya kwa lakiri na kurudishwa. Kila mahali bahasha ilipobadili mkono panatakiwa kuwa na jina, tarehe na sahihi. Hati ya ukamataji ikisema vifurushi 12 na ripoti ya Mkemia ikataja 14, hakuna mashine duniani inayoweza kuiokoa ripoti hiyo, kwa sababu haijulikani kilichopimwa ni nini.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliuweka msingi huu katika shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, ikieleza kwamba lazima iwepo kumbukumbu ya maandishi, kwa mfuatano wa wakati, inayoonyesha kukamatwa, kutunzwa, kuhamishwa, kuchunguzwa na hatima ya kielelezo. Maamuzi ya baadaye yamelegeza kidogo: kwa kitu kisichobadilishwa kwa urahisi, ushahidi wa mdomo unaoaminika unaweza kuziba pengo la karatasi. Unga, majani na vimiminika havimo katika kundi hilo, na kwa vitu hivyo uangalifu unatakiwa uwe wa hali ya juu kabisa.

Hakimu analazimika kufuata ripoti ya mtaalamu?

Halazimiki. Sheria za ushahidi za Tanzania na Kenya zinayaita maelezo ya mtaalamu kuwa maoni, na mahakama za rufani za nchi zote mbili zimerudia kwamba maoni hayo huisaidia mahakama bila kuifunga. Hata hivyo hakimu hawezi kuyatupa kwa sababu tu hayampendezi. Anapaswa kutoa sababu zinazotokana na ushahidi uliopo.

Ripoti ikiletwa bila aliyeiandika, mshtakiwa afanye nini?

Aombe aliyeiandika aitwe, na aombe mapema. Tanzania, kwa ripoti ya daktari kama PF3, kifungu cha 240(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba iliyozoeleka, kinaitaka mahakama imweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ili ahojiwe. Mahakama isipomweleza, PF3 huondolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa. Kenya, kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu ripoti ya mchambuzi wa serikali au ya daktari kupokelewa bila yeye kuwapo, lakini mahakama inaweza kumwita, na Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuupinga ushahidi na kuupata kabla ya kesi kusikilizwa.

Lipo pia sharti la kusomwa. Tangu uamuzi wa Robinson Mwanjisi wa mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesisitiza kwamba hati ikishapokelewa kuwa kielelezo ni lazima isomwe kwa sauti mahakamani. Wengine huona hilo kuwa utaratibu wa karatasi tu. Kwa mtu asiyejua kusoma, aliyesimama kizimbani bila wakili, dakika hizo chache za kusomewa ndizo nafasi yake pekee ya kujua ameshtakiwa kwa kipimo gani.

Mtaalamu akiwa kizimbani, aulizwe nini?

Wasiosomea kemia hudhani hawana la kuuliza, ilhali maswali mazuri ni ya kawaida. Ulipokea kielelezo kutoka kwa nani, kikiwa kimefungwaje? Ulipima vifurushi vyote au uliteua baadhi, na uliviteuaje? Ulitumia njia gani, na njia hiyo hukosea mara ngapi inapojaribiwa? Uliambiwa nini kuhusu kesi kabla ya kuanza? Kuna mwenzako aliyerudia kipimo bila kujua jibu lako? Nini kilibaki baada ya kupima, na kiko wapi? Swali la kiwango cha makosa lisiachwe hata kwa alama za vidole. Mwaka 2016 baraza la washauri wa Rais wa Marekani kuhusu sayansi lilikubali kwamba njia hiyo ina msingi, lakini likaeleza kwamba makosa ya kumlinganisha mtu asiye mwenyewe yanaweza kufikia 1 kati ya 306 kwa utafiti mmoja, na 1 kati ya 18 kwa utafiti mwingine. Shahidi anayejibu kwamba fani yake haikosei kamwe amejieleza mwenyewe.

Kukosekana kwa kipimo kunamwachia huru mshtakiwa?

Hapana, si lazima. Katika makosa ya kingono, kwa mfano, mahakama za Tanzania na Kenya zinaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika pekee endapo hakimu ameuamini na kueleza sababu. Mama anayeambiwa kituoni kwamba kesi ya mtoto wake haiwezi kwenda popote bila vinasaba ameambiwa jambo lisilo la kisheria, na anapaswa kudai faili liende kwa mwendesha mashtaka.

Sayansi ikibadilika baada ya hukumu, mfungwa ana njia gani?

Texas ilimuua Cameron Todd Willingham Februari 17, 2004, kwa madai kwamba aliwasha moto uliowaua binti zake watatu Desemba 1991. Wachunguzi wa moto walikuwa wamesoma alama za sakafuni kama dalili za petroli kumwagwa. Wataalamu walioupitia ushahidi huo baadaye, akiwemo aliyeajiriwa na tume ya Texas, walisema alama za namna hiyo hutokea zenyewe chumba kinapowaka chote kwa pamoja, na kwamba hapakuwa na msingi wa kisayansi wa kusema moto uliwashwa kwa makusudi. Mwaka 2013 jimbo hilo lilitunga sheria inayomruhusu mfungwa kurudi mahakamani pale sayansi iliyomtia hatiani inapokuwa imekanushwa au kubadilika.

Kenya ina mlango katika Katiba yenyewe: Ibara ya 50(6) inamruhusu aliyetiwa hatiani, ambaye rufaa yake imetupwa au muda wake umepita, kuiomba Mahakama Kuu isikilize kesi upya kama umepatikana ushahidi mpya na wenye nguvu. Tanzania mlango huo haujafunguliwa kwa upana huo. Kanuni ya 66 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani inataja sababu chache za kuomba mapitio, kama vile kosa la wazi kwenye kumbukumbu, kunyimwa haki ya kusikilizwa, au hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu, na maombi yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 60. Sayansi mpya haimo katika orodha hiyo, na hakuna sayansi inayosahihishwa kwa siku 60. Kinachobaki baada ya hapo ni msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, ambao ni huruma na haufuti hatia.

Wakati sheria ya kuufungua mlango huo Tanzania ikisubiriwa, kuna ombi ambalo mshtakiwa yeyote anayepinga kipimo anaweza kulitoa sasa, kwa mdomo au kwa maandishi, kabla amri ya kuteketeza vielelezo haijasainiwa: sehemu ya sampuli itunzwe, ifungwe kwa lakiri mbele yake, na namba yake iandikwe kwenye mwenendo wa shauri. Nywele zile 13 za Washington zilipimwa upya baada ya zaidi ya miaka 30 kwa sababu kulikuwa na mtu aliyezihifadhi.